Barua ya wazi kwa wenye kalamu: miezi 36 ya vijana wenu haijasainiwa

KWA: Wakurugenzi wa fedha, wahasibu wakuu, wakuu wa ukaguzi wa ndani, na wabia wa ofisi za ukaguzi wa hesabu, kuanzia Dar es Salaam na Dodoma hadi Mombasa, Nairobi na Kampala

YAH: USIMAMIZI NA UTHIBITISHO WA UZOEFU WA KAZI KWA WANAOTAFUTA USAJILI WA UHASIBU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Vocha ya shilingi elfu thelathini za chai ya ofisi ina nafasi tatu chini yake: imeandaliwa na, imekaguliwa na, imeidhinishwa na. Bila saini hizo mtunza fedha hatoi hata senti, na mkaguzi akiikuta ina mbili tu, hiyo ni hoja ya ukaguzi. Ila kijana aliyeiandaa vocha ile, ambaye naye miezi yake inahesabiwa ili aje asajiliwe, anaweza kukaa kwenu miaka mitatu na usipatikane hata mwezi mmoja wenye saini ya mtu. Siku anapoomba kusajiliwa ndipo mbio zinapoanza. Bosi wa kwanza kahamia Arusha. Wa pili kastaafu. Wa tatu anasema, "Mimi nilikukuta tu hapa."

Tumeamua kuwaandikia ninyi badala ya bodi zinazosajili wahasibu. Bodi zina kanuni, na kanuni zinasomeka. Kinachokwama ni pale mezani kwenu, ambako kanuni inatakiwa kugeuka kuwa kazi, kazi igeuke kuwa maandishi, na maandishi yapate saini ya mtu aliyeiona kazi yenyewe.

Tuweke msingi kwa ufupi. Tanzania usajili uko mikononi mwa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1972 ambayo leo ni Sura ya 286. Kenya ni ICPAK, taasisi ya wahasibu ya nchi hiyo, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, na mitihani ni ya KASNEB, bodi ya mitihani. Uganda ni ICPAU, taasisi ya wahasibu ya huko. Wote watatu ni wanachama wa IFAC, shirikisho la wahasibu duniani, na kiwango cha kimataifa cha elimu ya wahasibu namba 5 kinahusu jambo hili hili la uzoefu wa kazi. Toleo lake la zamani lilitaka muda usiopungua miaka mitatu. Toleo lililoanza kutumika Julai 2015 linaiachia kila bodi ichague: ipime kwa muda, ipime kwa kile mtu anachoweza kufanya, au ichanganye vyote viwili. Mtu akisoma haraka anadhani masharti yamelegezwa. Yamekazwa. Unapopima kwa muda, kalenda inatosha. Unapopima kwa uwezo, lazima awepo shahidi, na shahidi huyo ni msimamizi mwenye sifa.

Kwa mifano tutatumia utaratibu wa ACCA, chama cha wahasibu chenye makao Uingereza, kwa kuwa umeandikwa kwa undani na kwa kuwa wanafunzi wake wamejaa ofisini mwenu, hata kama hamjawahi kuwauliza wanasomea nini. Kijana wa CPA ya nyumbani, yaani sifa ya uhasibu inayotolewa na bodi ya nchi yake, ana masharti na fomu za bodi yake, azisome. Ila ushahidi unaotakiwa kukusanywa ofisini ni wa aina ile ile.

Ni hivi. Mwanafunzi anatakiwa kuwa na miezi 36 ya kazi ya uhasibu au fedha. Inaweza kuwa kabla ya mitihani, katikati, au baada ya mitihani, na inaweza kuwa kwa waajiri zaidi ya mmoja. Juu ya miezi hiyo kuna malengo tisa ya utendaji. Matano ni ya lazima kwa kila mtu: maadili, uhusiano na wadau, mkakati na ubunifu, utawala bora na udhibiti wa vihatarishi, na uongozi. Manne anayachagua mwenyewe upande wa ufundi, kulingana na kazi anayoifanya: kuingiza miamala, kuandaa hesabu za mwisho, kodi, ukaguzi, mtaji wa uendeshaji, bajeti na kadhalika. Kila lengo lina vipengele vitano, na kwa kila lengo anaandika maelezo yake mwenyewe ya maneno 200 hadi 500, akieleza alifanya nini hasa. Kisha msimamizi anasoma, na akiridhika anathibitisha.

Hapo kwenye msimamizi ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Saini ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya muda: kwamba huyu bwana au huyu dada alikuwa hapa toka tarehe fulani hadi tarehe fulani. Hiyo bosi wake wa moja kwa moja anaweza kuitoa hata kama si mhasibu. Meneja wa tawi anaweza, mkuu wa shule anaweza. Ya pili ni ya malengo, na hiyo haitolewi na kila mtu. Anayethibitisha malengo lazima awe mhasibu aliyesajiliwa na chombo ambacho ni mwanachama wa IFAC, au anayetambuliwa na sheria ya nchi, na lazima awe anaijua kazi ya kijana huyo. Anataja chombo chake na namba yake ya uanachama. Mwanafunzi aliyesainiwa miezi 36 yote na meneja ambaye si mhasibu amepata nusu tu ya alichokuwa anakitafuta, na mara nyingi anagundua hivyo akiwa ameshahama.

Pale pasipo na mhasibu aliyesajiliwa, kwa mfano kwenye SACCOS, shule binafsi au shirika dogo lisilo la kiserikali, utaratibu unaruhusu msimamizi wa nje, mara nyingi mshauri wa hesabu au mkaguzi wa nje anayekuja kila mwaka. Ni ruhusa nzuri, na inatumika vibaya kwa namna mbili. Kwanza, mkaguzi anaombwa asaini wiki ya mwisho ya kazi yake, wakati kijana mwenyewe amemwona mara mbili tu, akimletea mafaili na maji ya kunywa. Hajui kitu, atathibitisha nini? Pili, mkaguzi anajisahau na kuanza kumwelekeza kijana namna ya kuingiza miamala ambayo yeye mwenyewe atakuja kuikagua. Uhuru wake unakwenda hapo. Tiba ni kupanga mapema: mwanzoni mwa mwaka wa fedha msimamizi wa nje, bosi na kijana wakae pamoja wakubaliane kazi zipi zitaangaliwa. Kila robo mwaka msimamizi aone kazi zilizokwisha kamilika, aulize maswali, na asiwe yeye anayesema kipi kiingizwe wapi.

Sasa muda wenyewe. Miezi 36 haimaanishi miezi 36 ya kuwemo kwenye orodha ya mishahara. Inahesabiwa sehemu ya kazi iliyo ya uhasibu. Mtu aliyeajiriwa kama "ofisa utawala na fedha", ambaye asilimia 40 ya muda wake ni hesabu na asilimia 60 ni kufuatilia magari, vibali na wageni, akikaa miezi 36 amepata miezi 14.4. Anayefanya kazi siku tatu kati ya tano, kwa miezi 12 amepata 7.2. Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini wahasibu wanaisahau inapowahusu wenyewe. Mnapowapa vijana vyeo vya kuunganisha-unganisha ili kubana bajeti, andikeni kwenye majukumu yao asilimia ya kila upande. Mstari mmoja tu. Bila huo, mwanafunzi atadai yote, msimamizi makini atakataa yote, na hakuna karatasi ya kuwaamua.

Kuhusu wanaojitolea, ambao ofisi nyingi zinawatumia kana kwamba ni samani: asiye na barua ya kuanza hana tarehe ya kuanza. Mpeni barua hata kama hamumlipi. Na kama hamumlipi, angalau nauli, jamani.

Tuje kwenye kazi. Malalamiko makubwa ni ya kijana aliyewekwa dirisha moja miaka mitatu. Anaingiza vocha za malipo Januari hadi Desemba, na mwaka unaofuata vile vile, kwa sababu anaziingiza vizuri na mkuu wa kitengo hataki kumpoteza. Huyo hana uzoefu wa miaka mitatu. Ana uzoefu wa miezi mitatu alioufanya mara kumi na mbili. Wenzetu wengine wameliandika hili waziwazi. Bodi ya jimbo la Texas, Marekani, inataka mwaka mmoja wa kazi, saa zisizopungua 2,000, chini ya mhasibu mwenye leseni, na inataka kazi inayomlazimu mtu afikiri na kuamua, isiwe ya kujirudia tu. California inataka saa zisizopungua 500 za kazi za ukaguzi kwa anayetaka kusaini ripoti za ukaguzi. ICAEW, taasisi ya wahasibu ya Uingereza, inahesabu kwa siku: 450. Namba zinatofautiana, lakini wote wanauliza mtu alifanya nini ndani ya muda huo.

Kwenye kitengo cha fedha cha kawaida, chenye watu watano au sita, mzunguko unawezekana bila kuvuruga kazi. Miezi sita ya kwanza aachwe kwenye vocha, leja na usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Huko ndiko anakojifunza kutoiamini karatasi kwa sababu tu imechapwa vizuri. Miezi sita inayofuata ahamie kwa wadaiwa, wadai na stoo. Mwaka wa pili aguse mishahara na kodi. Ajue PAYE ya Tanzania, kodi inayokatwa kwenye mishahara, inatakiwa ifike kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kabla ya tarehe 20. Ajue kulinganisha jumla ya ripoti za mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, na leja ya mauzo, na aeleze kwa maandishi tofauti inatoka wapi. Halafu ashiriki kufunga mwezi: uchakavu, malimbikizo, malipo ya kabla. Mwaka wa tatu aandae rasimu ya hesabu za mwaka kutoka kwenye urari (orodha ya salio za akaunti zote) hadi maelezo ya mwisho, atengeneze bajeti ya idara moja, na wakaguzi wa nje wakija, yeye ndiye ajibu hoja za eneo lake. Kwenye halmashauri na taasisi za serikali mfumo wa malipo wa serikali, MUSE, na viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS, vitabadilisha sura ya kazi. Mpangilio ni ule ule: mtu atoke kwenye kuingiza, aende kwenye kulinganisha, afike kwenye kuamua.

Mwenye ofisi ya ukaguzi ana kazi rahisi zaidi, kwa sababu ukaguzi una ngazi zake tangu zamani. Msimu wa kwanza kijana anahesabu stoo: kutoka rafuni kwenda kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi kurudi rafuni, akiandika namba ya hati ya mwisho ya kupokea na ya mwisho ya kutoa mzigo siku ile. Anaandaa barua za kuthibitisha wadaiwa na kuhakikisha zinatumwa na ofisi ya ukaguzi na majibu yanarudi kwenye ofisi ya ukaguzi. Zikipita mkononi mwa mteja, zoezi limekufa. Msimu wa pili anapewa eneo zima, kama mali za kudumu au wadaiwa. Msimu wa tatu anakaa kwenye kupanga: kiwango cha umuhimu, yaani kosa la ukubwa gani linahesabika, kimewekwaje, sampuli ni ngapi na kwa nini. Kinachoharibu ni tamaa ya ofisi. Aliyezoea kuhesabu stoo anapelekwa kuhesabu stoo misimu mitatu, kwa sababu anajua njia ya Tabora.

Wakaguzi mna jambo lingine mnaloshindwa kulitumia. Kiwango cha ukaguzi namba 230 kinataka karatasi ya kazi ionyeshe nani aliifanya na lini, na nani aliipitia na lini. Hiyo ni daftari la uzoefu tayari! Herufi za jina la kijana ziko pale, tarehe iko pale, zenu ziko pale. Faili la ukaguzi kwa kawaida linafungwa ndani ya siku 60 baada ya tarehe ya ripoti. Kabla halijafungwa, mwacheni aandike kwenye daftari lake marejeo ya karatasi alizozifanya, aina ya kazi na idadi ya siku. Bila jina la mteja, bila kiasi kinachoweza kumtambulisha. "Kampuni ya usafirishaji, wadaiwa, siku nne" inatosha. Akiandika jina la mteja na salio la benki kwenye maelezo yake ya uzoefu amevunja siri, na ninyi mkisaini mmevunja naye.

Maelezo yanaandikwaje? Tuchukue kitu kidogo kabisa, usuluhisho wa benki, kwa sababu ndicho kinachoandikwa vibaya zaidi. Maelezo mengi yanayowafikia yanasema: "Nilikuwa nafanya usuluhisho wa benki kila mwezi na nimejifunza mengi." Sentensi hiyo angeweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kuiona taarifa ya benki. Sasa tazameni hii kazi. Taarifa ya benki mwisho wa mwezi inasema 51,304,500. Daftari la fedha linasema 48,720,000. Hundi ambazo hazijafika benki ni 3,150,000. Fedha zilizopelekwa benki siku ya mwisho na bado hazijaonekana ni 890,000. Upande wa benki unakuwa 49,044,500. Kwenye daftari hakujaingizwa mteja aliyelipa moja kwa moja, 410,000, wala makato ya benki, 85,500. Yakiingizwa, daftari nalo linafika 49,044,500. Zimelingana, na wengi wanaishia hapo na kwenda kula.

Uzoefu unaanzia baada ya hapo. Ndani ya zile hundi za 3,150,000 kuna moja ya 1,200,000 iliyoandikwa miezi saba iliyopita. Hundi ya miezi saba imeshachacha, benki haitaipokea. Kwa nini iko bado kwenye orodha? Mlipwaji alikuwa nani, alipata bidhaa zake, alilipwa kwa njia nyingine? Kijana aliyeiona, akamuuliza mhasibu mkuu, akagundua kwamba mlipwaji alishalipwa kwa uhamisho wa benki na hundi haikufutwa, akaandaa ingizo la kuirudisha na kupendekeza kwamba orodha ya hundi zilizozidi siku 180 ipitiwe kila robo mwaka, huyo ana maelezo ya lengo la kuingiza miamala, na kipande cha kuanzia kwenye lengo la udhibiti. Aliona nini, alimuuliza nani, aliamua nini, kilibadilika nini. Hayo ndiyo maswali ya msimamizi. Na kijana asipokuwa na la kujibu, msisaini. Mwambieni kwa maandishi ni kipengele gani kinakosekana, mumpe kazi itakayokijaza, mpange tarehe ya kukutana tena. Kukataa kwa namna hiyo kunamfaa kuliko saini ya huruma.

Kwa upande wa kunakili: maelezo yanauzwa mitandaoni na yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, tayari kwa kubandika. ACCA imeshawaondoa watu kwenye uanachama baada ya kugundua kwamba maelezo yao yanafanana na ya wengine, au kwamba msimamizi aliyetajwa hakuwa msimamizi wao. Watu hao walikuwa wameshafaulu mitihani yote. Na msidhani mzigo ni wa kijana peke yake. Kanuni za maadili ya wahasibu zinamkataza mwanachama kuhusishwa na taarifa anayojua kuwa ni ya uongo. Msimamizi aliyesaini malengo tisa jioni moja, ya mtu aliyemfahamu kwa wiki tatu, atakuwa na maswali ya kujibu mbele ya chombo chake. Njia rahisi ya kukamata maelezo ya kubandika ni kumwomba kijana afungue karatasi anayoizungumzia. Dakika moja. Kama ipo, atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza.

Na wale wanaodai kitu kidogo ili wasaini, mnajijua. Iwe elfu sitini au laki mbili, saini ya kununuliwa haina kazi nyuma yake, na aliyeinunua atakuja kusaini hesabu za watu kwa bei ile ile.

Tatizo la bosi kuondoka lina dawa moja: msisubiri mwisho. Kila miezi mitatu, nusu saa, mlango umefungwa, simu kimya. Katika miezi 36 hiyo ni mikutano kumi na miwili, yaani saa sita kwa miaka mitatu. Semina ya siku moja inakula zaidi ya hapo, na posho juu. Kwenye nusu saa hiyo kijana analeta daftari lake na karatasi mbili tatu za kazi. Msimamizi anapitia, anauliza, anathibitisha lengo lililokamilika kama lipo, na wote wawili wanakubaliana kazi za robo inayofuata. Msimamizi anapopata uhamisho, kabla hajakabidhi funguo na kompyuta, athibitishe alichokishuhudia hadi siku ile. Wekeni jambo hilo kwenye fomu ya makabidhiano, chini ya mstari wa gari la ofisi. Likiwa kwenye fomu litafanyika. Likiachwa kwenye nia njema, halitafanyika.

Kwa wale mliopewa mamlaka ya kuandika barua za uthibitisho: ile barua ya "kwa yeyote anayehusika", inayosema mtajwa alikuwa mchapakazi, mwaminifu na mwenye ushirikiano na wenzake, haimsaidii mtu. Inafaa kwenye msiba. Barua inayofanya kazi inataja tarehe ya kuanza na ya kuishia, siku, mwezi na mwaka, cheo, kama alikuwa wa muda wote au siku ngapi kwa wiki, asilimia ya kazi iliyokuwa ya uhasibu au ukaguzi, aina ya kazi kwa vipindi, kwa mfano "Julai 2022 hadi Desemba 2022, wadai na usuluhisho wa benki, Januari 2023 hadi Juni 2023, mishahara na marejesho ya kodi", jina la msimamizi, chombo alichosajiliwa na namba yake, saini, tarehe na muhuri, na anwani ya ofisi, siyo ya mtu binafsi, ili bodi ikipiga simu baada ya miaka miwili apatikane wa kupokea. Ukurasa mmoja na nusu. Nakala ibaki kwenye faili la mtumishi.

Neno kwa maofisa rasilimali watu, kwa kuwa matangazo ya kazi mnayaandika ninyi. Nafasi ya mhasibu daraja la mwisho, mshahara wa anayeanza, na sharti la "CPA na uzoefu wa miaka mitatu" ni kumwambia kuku atage kabla hajaanguliwa. Kama kazi ni ya kuanzia, andikeni "aliyefaulu au anayeendelea na mitihani ya bodi", na mkuu wa fedha aweke kwenye tangazo kwamba usimamizi wa uzoefu utakuwepo. Mtapata waombaji bora kwa fedha ile ile. Ofisi zinazopenda kwenda mbali zaidi zinaweza kuomba ACCA iwatambue kama mwajiri aliyeidhinishwa. Ngazi za juu za utambuzi huo zinampunguzia mwanafunzi uandishi wa malengo, kwa sababu mfumo wa mafunzo wa mwajiri wenyewe umeshakaguliwa.

Kuna wanaosema haya ni makaratasi ya Wazungu, na kwamba mhasibu hujulikana kwa mitihani. Waangalie upepo unavuma kwenda wapi. Huko Ohio, Marekani, sheria inayotumika tangu Januari 2026 inamruhusu mwenye shahada ya kwanza, aliyefaulu mtihani wa CPA na mwenye miaka miwili ya kazi, kupata leseni bila kulazimika kufikisha zile saa 150 za masomo za zamani, yaani krediti za chuo. Wamepunguza darasa wakaongeza kazi. Uzito wa saini ya msimamizi umepanda. Na hapa kwetu, bodi za Afrika Mashariki zilisaini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, kwa hiyo mhasibu wa Mwanza anaweza kutaka kufanya kazi Kisumu. Kule watamuuliza alikotoka alifanya nini, na jibu liko kwenye kabati lenu.

Tunaomba yafuatayo yaanze kabla ya hesabu za mwaka huu kufungwa. Orodhesheni kila mtu ofisini mwenu anayesomea CPA au ACCA, mtashangaa idadi. Mbele ya kila jina andikeni tarehe aliyoanza, miezi iliyothibitishwa na miezi ambayo bado. Mteueni msimamizi kwa jina, na mwingine wa akiba. Pangeni tarehe nne za mwaka, mziweke kwenye kalenda ile ile yenye tarehe 7 na tarehe 20.

Kisha fungueni kabati la faili za walioondoka. Humo wamo waliofanya kazi kwenu miezi 18, 24, hata 30, wakaondoka na barua ya uchapakazi. Wengine bado wanatafutana na bosi aliyehamia Arusha. Karatasi walizoziandaa bado mnazo, zina herufi zao na tarehe zao, na namba zao za simu mnazo. Wapigieni, waje na maelezo yao, mpitie pamoja kile ambacho karatasi inakithibitisha, msaini hicho tu.

Wenu katika kazi,

Wahasibu na wakaguzi wa hesabu, tuliokwisha kusainiwa na tunaosaini